Miguu Huchoka, Neno Hubaki

Katika likizo kubwa iliyopita, dekania yetu iliandaa mashindano ya mpira wa miguu baina ya vijana wa parokia. Siku ya fainali tulimkabidhi kipaza sauti dada mmoja wa kikundi chetu ili awatangazie watu mchezo. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mwenyewe hapendi. Itoshe kusema kwamba anasoma mwaka wa tatu wa sayansi za habari na mawasiliano katika chuo kikuu, kwamba ni mchezaji wa timu ya chuo ya mpira wa kikapu, na kwamba tumaini lake ni kuwa siku moja mtangazaji wa michezo.

Zilipobaki dakika chache, timu ya parokia yetu ilipata bao la ushindi. Vigelegele vikapanda, ngoma zikalia, mama zetu wakatandika vitenge chini ili wafungaji wapite juu yake. Mwamuzi alikuwa mbali. Alipuliza filimbi, akaonyesha katikati ya uwanja. Dada yetu alikuwa amesimama hatua chache kutoka langoni. Akasema kwa sauti ile ile aliyoitumia tangu mwanzo: mwamuzi amekubali bao, lakini sisi tulio karibu tumeona kwamba mpira umeguswa kwa mkono.

Shangwe ikageuka kelele. Watu wazima, wengine wao wenye vyeo vya heshima katika parokia, wakadai anyamazishwe. Nasi viongozi wa vijana tulifanya jambo ambalo leo linatuaibisha: tulimwendea, tukachukua kipaza sauti mkononi mwake, tukampa kijana mwingine aliyejua kushangilia vizuri. Kombe tukalipata. Limekaa juu ya kabati katika chumba chetu cha mikutano, na kila tunapolitazama tunamkumbuka dada yetu aliyerudi nyumbani peke yake jioni ile.

Tafakari hii imezaliwa na kombe lile. Tumejiuliza: kijana Mkristo anayecheza, anayesoma, na anayetaka kuishi kwa kusema habari za michezo, anafuata njia gani? Je, ni njia ya upuuzi, au ni wito? Baada ya kuzungumza sana, na hata kugombana kidogo, tunaona ya kuwa ni wito wa kweli, nao hauwezi kutimizwa bila miguu, bila shule, na bila moyo usionunuliwa.

Dada yetu anaishi kati ya sauti tatu. Baba yake humwambia kwamba mpira haujapata kumjengea mtu nyumba, kwa hiyo auache ashike daftari. Mwalimu wa timu yake humwuliza kwa nini anaingia darasani siku ya mazoezi. Nasi wenzake, tuseme ukweli, tulizoea kumtania kwamba utangazaji ni kazi ya wale walioshindwa kucheza. Tuzijibu sauti hizo moja baada ya nyingine, kwa heshima.

Kwa wazazi tunasema: mnayo haki ya kuogopa. Mmewaona vijana waliouza miaka yao kwa ndoto ya kwenda Ulaya, wakarudi na goti lililovunjika na bila cheti. Hata hivyo, mchezo wenyewe si adui wa elimu, wala si mgeni katika nyumba ya Kanisa. Wengi wanaolisifu jina la TP Mazembe hawajui kwamba timu ile ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto walioongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi huko Elisabethville, ambayo ndiyo Lubumbashi ya leo. Jina lake la kwanza lilikuwa la mtakatifu, Saint-Georges. Watawa wale walielewa kwamba kijana hafundishwi kichwa peke yake. Na kabla yao, Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto katika sura ya tisa ya barua yake ya kwanza, hakuona haya kuchukua mfano wa wakimbiaji wa uwanjani ili kuwaeleza waamini maana ya kujinyima na kulenga taji lisiloharibika. Mwaka 2018 Vatikano ilitoa hati nzima juu ya michezo na mtazamo wa Kikristo, ikiwaalika wachezaji watoe kilicho bora ndani yao. Kwa hiyo msiwaambie watoto kwamba mpira ni dhambi au uvivu. Waambieni kwamba mpira una saa yake, na kitabu kina saa yake.

Kwa walimu wa timu tunasema neno gumu zaidi. Mwili wa kijana mmekopeshwa. Si mali yenu. Siku itafika ambapo mwili ule hautaweza kuruka tena, na siku hiyo ninyi mtakuwa mmekwisha kupata mwingine wa kuweka mahali pake. Tunao mfano ambao kila Mkongomani anaujua kwa nusu, nao unastahili kujulikana wote. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alisoma katika Koleji Boboto ya Mapadri Wayezuiti, akaenda Marekani mwaka 1987 kwa msaada wa masomo, katika Chuo Kikuu cha Georgetown, ambacho nacho ni cha Wayezuiti. Nia yake ilikuwa kuwa daktari. Kwa sababu ya urefu wake aliitwa katika timu ya mpira wa kikapu, na huko akawa ukuta ambao wapinzani waliuogopa. Lakini hakuacha darasa. Mwaka 1991 alitoka pale na shahada ya isimu na diplomasia, ndipo akaanza kucheza kwa malipo, akaendelea kwa misimu 18.

Mwaka 2009, akiwa uwanjani, goti lake liliumia, na siku ile ikawa mwisho wa uchezaji wake. Mtu mwenye sifa duniani kote, mwisho wake ulikuwa goti, sawa na kijana yeyote wa mtaani kwetu. Tofauti ni hii: miguu ilipokoma, neno lilikuwa tayari. Mtu aliyesoma isimu na kujua lugha nyingi akawa balozi wa mchezo ule duniani, akawasemea vijana wa Afrika mbele ya wakubwa, akawaita matajiri wamsaidie kukamilisha hospitali ya Kinshasa yenye jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2007. Kabla ya hapo, timu ya wanawake wa nchi yetu ilipokwenda Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, ni yeye aliyegharimia sare na mahitaji yao. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024. Fedha ya mpira ilimsaidia kutenda hayo, ni kweli. Lakini fedha bila kujua kusema na kusikilizwa isingetosha. Mwalimu wa timu anayemzuia mchezaji kuingia darasani anamnyang'anya nusu ya pili ya maisha yake.

Sasa tujijibu sisi wenyewe, tuliosema kwamba anayetangaza ni yule aliyeshindwa kucheza. Hapa tunawaomba mtulie, maana jambo hili linagusa heshima ya nchi yetu.

Tarehe 22 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani, Leopards wa Zaire walicheza na Brazil katika Kombe la Dunia. Siku chache kabla yake walikuwa wamefungwa mabao 9 na Yugoslavia. Brazil wakapata mkwaju wa adhabu. Kabla hawajaupiga, beki wetu Mwepu Ilunga, mtoto wa Lubumbashi, alichomoka katika ukuta, akakimbia, akaupiga mpira ule mbali. Mwamuzi akamwonyesha kadi ya njano. Ulaya ikacheka. Kwa miaka mingi picha ile ilirudiwa katika televisheni kama kichekesho, ikielezwa kwamba Waafrika wale hawakujua hata sheria za mpira.

Mwepu alijua sheria. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba wachezaji walikuwa wamenyimwa fedha walizoahidiwa, na kwamba baada ya mabao yale 9 walitishwa na watu wa serikali: wakifungwa na Brazil mabao zaidi ya 3, wasifikiri kurudi nyumbani. Mchezo ulikwisha kwa mabao 3. Kile kilichochekwa kama ujinga kilikuwa kilio cha mtu aliyebanwa. Kati ya waliokuwa na kipaza sauti siku ile, ni nani aliyeujua uzito wa miguu ya Mwepu? Ni nani aliyekwenda kumwuliza kabla ya kucheka?

Mwenzake katika timu ile, Mulamba Ndaye, alifunga mabao 9 katika Kombe la Afrika la mwaka ule ule wa 1974 nchini Misri, na hadi leo hakuna aliyefunga mengi zaidi katika mashindano mamoja. Miaka 20 baadaye alipigwa risasi na wanyang'anyi, kisha akaishi kama mkimbizi maskini huko Afrika Kusini. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Afrika nchini Burkina Faso, habari ilienea kwamba amekufa katika ajali ya mgodi huko Angola. Watu wakasimama dakika nzima kimya kumwombolezea. Naye alikuwa hai! Alikuwa katika mtaa wa maskini, akitafuta chakula, huku Afrika ikimlilia kama marehemu. Alifariki kweli mwaka 2019.

Ndugu vijana, mnaona jinsi neno la michezo lilivyo zito? Mmoja alichekwa kwa sababu hakuulizwa. Mwingine aliombolezewa kwa sababu hakutafutwa. Wachezaji wetu walijua kucheza, lakini habari zao zilishikwa na watu wasiowajua. Ndiyo maana tunasema kwamba mchezaji anayesomea mawasiliano hapungukiwi kitu. Anachukua kazi iliyobaki bila mtu. Anajua mwenyewe maana ya kukimbia bila kula asubuhi, maana ya kukosa mtupo wa mwisho huku watu wakikuzomea, maana ya kucheza ukiwa na msiba nyumbani. Akiwa pia amejifunza chuoni kupima habari, kuuliza pande mbili, kutofautisha alichokiona na alichokisikia, basi ataweza kutenda haki kwa mchezaji kama Mwepu na kama Ndaye. Amri ya nane, inayotukataza kumshuhudia jirani uongo, haiishii kwenye lango la uwanja.

Hata hivyo tusimdanganye dada yetu kwa kumwonyesha upande wa nuru tu. Katika kazi hii yamo majaribu mawili ambayo kila mtu wa nchi yetu anayafahamu.

Jaribu la kwanza ni bahasha. Katika nchi yetu yapo mazoea yanayojulikana kwa jina la Kifaransa la coupage: mwenye shughuli humpa mwandishi wa habari kitu kidogo baada ya mkutano au mchezo, kwa kisingizio cha nauli, na habari inatoka ikiwa tamu. Hatuwahukumu upesi wanaopokea. Redio nyingi hulipa kidogo au hazilipi kabisa, na mtu mwenye watoto hawezi kuwalisha kwa sifa. Lakini tuseme wazi: anayepokea bahasha ya timu hana tena jicho la kuona mkono ulioshika mpira. Na anayenyamaza juu ya mshahara wa wachezaji usiolipwa, kwa kuwa kiongozi wa timu amemshika mkono, anarudia kosa lile la mwaka 1974.

Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alipewa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie mjini, akakataa, akauawa mwezi wa Julai mwaka 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Sisi tunaona ishara katika tarehe ile, kwa kuwa siku hiyo hiyo Roma iliadhimisha Jubilei ya Michezo, na Baba Mtakatifu Leo wa Kumi na Nne aliongoza Misa kwa ajili ya wanamichezo. Asubuhi waliombewa wale wanaokimbia uwanjani. Jioni akainuliwa kijana Mkongomani aliyekataa bahasha. Anayetaka kutangaza michezo katika nchi yetu na ayashike yote mawili.

Jaribu la pili ni kuwafurahisha watu kwa chuki. Mtangazaji anaweza kuchochea kwa neno moja dogo: jina la dharau kwa timu ya mji mwingine, fumbo juu ya kabila la mwamuzi, kelele za kwamba tumeibiwa kabla hata hajajua. Tarehe 11 Mei 2014, mchezo wa V.Club na TP Mazembe ulipokuwa ukimalizika katika uwanja wa Tata Raphaël, Kinshasa, fujo ilizuka, gesi ya machozi ikarushwa, watu wakakanyagana, na 15 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba mtangazaji fulani ndiye aliyewaua. Tunasema kwamba uwanja uliojaa watu ni kama nyumba ya nyasi, na anayeingia humo na maneno ya moto hawezi kusema kwamba hakujua.

Tunaposema hayo, tunakumbuka pia mchezo wetu mdogo wa dekania. Hapakuwa na bahasha wala gesi. Palikuwa na kombe la bei ndogo, na hilo lilitosha kutufanya tumnyang'anye mtu kipaza sauti kwa kuwa amesema alichokiona. Kama sisi, tunaosali rozari pamoja, tumeshindwa mbele ya kombe kama lile, tutamshangaaje mwandishi anayeshindwa mbele ya mshahara wa mwezi mzima?

Basi, tufanye nini? Tumekubaliana juu ya mambo machache, nasi tunayapendekeza kwa vikundi vingine.

Kwanza, kila kijana wetu anayecheza katika timu na aonyeshe daftari lake la masomo kwa mmoja wa wakubwa wa kikundi kila mwisho wa muhula. Anayerudi nyuma darasani tumsaidie kabla ya kumlaumu: wapo kati yetu waliomaliza hesabu, wapo waliomaliza Kifaransa, na jioni mbili kwa juma hazimwangamizi mtu.

Pili, mashindano yetu yawe shule ya neno. Kila mchezo wa parokia uwe na kijana mmoja wa kuutangaza na mwingine wa kuuandika. Atakayeandika aulize timu zote mbili, asikilize na walioshindwa, kisha asome habari yake mbele ya kikundi Jumapili baada ya Misa. Aliyekosea jina la mtu au idadi ya mabao asahihishe hadharani. Majimbo yetu mengi yana redio ya Kikatoliki. Tuwaombe wakubwa wake wawapokee vijana hawa wajifunze hata kwa kubeba nyaya. Na lugha yetu ya Kiswahili tuisafishe: mama anayeuza ndizi pembeni ya uwanja ana haki ya kuelewa mchezo kama yule aliyesoma Kifaransa.

Tatu, wasichana wasiachwe nyuma. Siku ile uwanjani, baadhi ya waliopiga kelele walisema msichana anajua nini juu ya mpira. Hatukuwajibu. Tulipaswa kuwajibu.

Kuhusu dada yetu, tulimwendea wote pamoja kumwomba radhi. Alitusikiliza hadi mwisho, akatusamehe, kisha akatuwekea sharti moja: kama tunamtaka ashangilie tu, tumtafute mtu mwingine. Tumelikubali. Katika mashindano yajayo kipaza sauti ni chake. Baba yake naye, kwa maneno yake mwenyewe, amesema kwamba mtoto aliyesema ukweli mbele ya watu wengi kiasi kile hakupoteza muda wake chuoni, wala uwanjani.

Na kombe? Tumewaandikia vijana wa parokia ile ya pili, tukawaeleza tulichokiona na tulichokificha, tukawaomba waje walichukue. Si wote kati yetu waliokubali. Wengine wanasema kwamba filimbi ya mwamuzi ndiyo sheria, na mchezo umekwisha. Tunaheshimu hoja yao kuhusu mwamuzi, maana bila kumtii mwamuzi hakuna mchezo. Lakini mwamuzi alikosea bila kujua, nasi tulijua. Kabati letu likibaki tupu, tutakutana mbele yake kwa amani zaidi.

Tunawaachia maswali haya kwa mazungumzo ya kikundi. Ni nani kati yetu anayecheza vizuri, nasi tumemwacha shule inamshinda? Ni mara ngapi tumemnyamazisha aliyesema ukweli kwa kuwa ulituumiza sisi? Na kama tungepewa kipaza sauti leo, tungesema nini juu ya wale waliotushinda?

Mwenyezi Mungu, aliyetupa miguu ya kukimbia na ulimi wa kusema, atujalie tuvitumie vyote viwili kwa sifa yake na kwa haki ya jirani. Mwenye heri Floribert, utuombee. Mtakatifu Fransisko wa Sales, msimamizi wa waandishi wa habari, utuombee.